Alama Zisipoonekana

Familia ikishuku kwamba mtoto wao amedhalilishwa, humpeleka hospitali "akaangaliwe". Wanaamini daktari akimpima ataona, na asipoona basi hapakuwa na kitu. Imani hiyo imewaponza watoto, na wapo wahudumu wa afya wanaoishika pia. Kwa maoni yangu, mafunzo ya wahudumu wa Pemba kuhusu udhalilishaji wa watoto yaanzie hapo.

Msichana akishabaleghe, homoni huzifanya nyama za sehemu za siri kuwa laini na zenye kuvutika, hata anaweza kuingiliwa asichanike. Pakiwa na michubuko, mara nyingi hupona ndani ya siku chache, na kwa mvulana ni hivyo hivyo. Wengi waliodhalilishwa kweli hukutwa hawana alama yoyote. Mhudumu akiandika "hakuna jeraha" kwenye fomu ya polisi, PF3, akaishia hapo, huenda ameizika kesi bila kukusudia. Aliyefundishwa huandika alichokiona, akaongeza kwamba uchunguzi huo hauthibitishi wala haukanushi maelezo ya mtoto, na maelezo yenyewe huyanukuu kama yalivyotamkwa. Ama kipimo cha "bikira", Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka mwaka 2018 kwamba hakina msingi wa kisayansi. Kiachwe kabisa.

Mwili usiposema, inabaki kumsikiliza kijana, naye haji akaeleza moja kwa moja. Huja na maumivu ya tumbo, hapati usingizi, skuli hataki tena, na mama yuko pembeni anamjibia. Mhudumu amwombe mama kwa heshima asubiri nje, afunge mlango, akae, kisha aulize taratibu: "Mwanangu, kuna mtu aliyekufanyia jambo lililokutia hofu?" Halafu anyamaze, hata kimya kikirefuka. "Mbona hukupiga kelele?" ni swali la kumfunga mtoto kinywa. Wala asimwahidi kuwa hatomwambia mtu, maana sheria inamtaka atoe taarifa. Amweleze nani atajulishwa, na kwa nini.

Mvulana naye aulizwe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba Zanzibar, waliosema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18 ni takriban asilimia 6 ya wanawake na asilimia 9 ya wanaume. Mafunzo yanayomtaja msichana peke yake yanawaacha nje watoto wengi wa kiume, ambao aibu yao ni nzito na wanaowauliza ni wachache.

Kuna na suala la saa. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa kuwa virusi vikishasambaa mwilini havizuiliki tena. Kijana huzimeza kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina siku 5. Sasa mfikirie mtoto wa Kojani au Kisiwa Panza, aliyesema Ijumaa usiku, ambaye lazima avuke kwa chombo ndipo apate gari. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowakutanisha daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, vilianza Mnazi Mmoja mwaka 2011, na Pemba vipo hospitali za Chake Chake na Wete. Ni msaada mkubwa, ila mtu wa kwanza kumwona mtoto huyu ni muuguzi wa kituo cha kijijini. Huyo ndiye afundishwe kwanza, na awe na dozi ya kuanzia mkononi, asimpe mtoto barua ya rufaa tu.

Na muuguzi huyo ni mwenyeji. Mara nyingi mtuhumiwa ni mtu anayefahamika, ami, jirani au mwalimu wa chuo cha Qurani, na huenda muuguzi na mkewe mtuhumiwa wamekula sahani moja. Hapo ndipo muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wa karibu, unapoingia. Jioni wazee watakuja na sheha kutaka mambo yamalizwe kifamilia, na anayetakiwa kuitoa taarifa ndiye atakayekutana nao kisimani kesho. Mafunzo ya siku mbili za kukaa ukumbini na kalamu hayamtayarishi mtu kwa jioni hiyo. Anahitaji kuyafanyia mazoezi mazungumzo yale na wenzake, kuwa na msimamizi wa wilaya anayepokea simu usiku, na taarifa itoke kwa jina la kituo, isitoke kwa jina lake.