Kuitengeneza Mitego ya Panya Kabla ya Masika

Ninyi mlimao mahindi karibu na Momela mwajua jinsi panya wazidivyo baada ya masika. Mtego wa chuma ulioshika kutu haufyatuki upesi. Panya hula chambo, akaenda zake. Mwaka mmoja sisi tuliipaka mitego yetu rangi. Rangi ikaganda pale panapofyatuka, tukapoteza mahindi ya mbegu karibu yote.

Yafaa zaidi magome ya miwati. Sugueni kutu kwa mchanga, mkaioshe mitego kwa maji ya moto na sabuni. Kisha chemsheni mitego na magome katika sufuria kuukuu, hata chuma kiwe cheusi: weusi ule ni dawa ya gome iliyoshikana na chuma, nao hupunguza kutu. Maji ya maziwa ya Momela hayafai, maana yana magadi. Tekeni ya mvua. (Wala msitege kule maziwani: ni ndani ya Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1960, na kutega humo ni marufuku.)

Mitego ikikauka, ipakeni nta ya nyuki kidogo. Iyeyusheni katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, kwani nta juu ya moto mtupu huwaka. Pale panapofyatuka msipake kitu.