Usikitoe kilango usichokijua kazi yake

Asiyejua maana haambiwi maana. Wahenga walioitunga methali hii hawakuwa wakifikiria injini za magari, lakini leo nataka niitumie kulipima jambo linaloendelea katika gereji zetu: kuviondoa vilango vilivyo kwenye njia ya hewa ya injini zenye tabochaja, kisha kuipanga upya mipira midogo iliyounganishwa na njia hiyo. Huenda msomaji akajiuliza mwalimu wa isimu anatafuta nini chini ya boneti. Jibu langu ni kwamba gereji ni darasa, na katika darasa hilo lugha ina kazi nzito kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Tabochaja, ambayo Mswisi Alfred Büchi alipewa hataza yake mwaka wa 1905, hutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha gurudumu dogo la mapanga, nalo hushindilia hewa ndani ya silinda. Kwa wakazi wa Nairobi, jiji lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, manufaa yake ni dhahiri. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja kwa sita, na injini isiyo na tabochaja hupungukiwa na nguvu kwa kiasi kama hicho. Si ajabu, basi, kwamba magari ya Subaru Impreza, yaliyojipatia sifa hapa nchini Colin McRae alipotwaa ushindi wa Safari Rally mwaka wa 1997 na Richard Burns mwaka wa 2000, yanapendwa mno na vijana.

Baadhi ya injini hizo zina vilango vya bapa kati ya manifoldi na kichwa cha silinda. Injini inapowashwa ingali baridi, vilango hujifunga kwa sehemu kubwa, hewa ikalazimika kupita penye upenyo mwembamba na kuingia ikibingirika. Mbingiriko huo huichanganya vyema na petroli, hata injini ikaunguza mafuta yake sawasawa kabla chombo cha kusafishia moshi hakijapata joto. Mwendo wa injini ukiongezeka, vilango hufunguka.

Wanaoviondoa hudai kwamba hata vikiwa wazi bado vimesimama njiani, na kwamba mota zake zikichakaa huwasha taa ya onyo kila siku. Madai hayo si ya uongo. Kwa gari la mashindano, ambalo tarakilishi yake imepangwa upya na ambalo hukimbia kwa kasi muda mwingi, faida kidogo ipo. Lakini kwa gari la kwenda kazini na kurudi, aghalabu kinachobaki ni injini inayosuasua asubuhi na moshi mchafu zaidi ambao watoto waendao shuleni hawana budi kuuvuta.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Nimewasikiliza mafundi wakiwaelekeza wanagenzi wao, na maneno mawili yamenitia wasiwasi. La kwanza ni vali. Neno hili hutumiwa kutaja vali za silinda, ambazo bila hizo injini haiwaki, na pia vilango hivi tunavyovizungumzia. Mwanagenzi aambiwaye "toa vali" hajui ni jamii ipi inayokusudiwa, wala kwa nini moja yaweza kuondolewa na nyingine haiwezi.

La pili ni mpira wa vakyumu. Vitabu vya fizikia husema ombwe. Injini yenye tabochaja inaponguruma polepole, shinikizo ndani ya manifoldi hushuka hata kufikia kama theluthi moja ya shinikizo la hewa ya nje, na jina hilo likawa sahihi. Dereva akikanyaga mafuta na tabochaja ikashika kazi, mipira mingi kati ya hiyo hiyo hujaa shinikizo linalopita la nje. Jina ni moja, hali ni mbili zinazopingana. Mwanagenzi aliyefunzwa jina bila maelezo huamini kwamba mpira hunyonya tu, kwa hivyo haoni ubaya kuunganisha huu na ule au kuuziba usiompendeza.

Madhara yake si ya kinadharia. Mpira wa breki una vali ya njia moja inayozuia shinikizo lisiingie kwenye chombo kinachomsaidia dereva. Ikiachwa nje, pedali huweza kuwa ngumu kama jiwe palipo na hatari. Kidhibiti cha petroli kisipopata habari za shinikizo, mafuta hayaongezeki hewa inapoongezeka, mchanganyiko hupungukiwa na petroli, na pistoni huweza kutoboka. Nao mpira unaokiamuru kilango cha kupunguzia nguvu za tabochaja ukichomoka, hakuna tena wa kuizuia.

Kuna watakaosema kwamba Kiingereza kinatosha gerejini. La hasha. Jina la Kiingereza lina kasoro ile ile. Sisi tumeirithi tu. Mwaka wa 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, istilahi isiyofika kwa fundi haimfai fundi.

Napendekeza mipira iitwe kwa kazi zake: mpira wa breki, mpira wa petroli, mpira wa tabochaja. Walimu wa Kiswahili na wenzao wa vyuo vya ufundi wakae pamoja. Wanafunzi nao waende gerejini na daftari, waandike kila mpira unatoka wapi, unaelekea wapi, na unabeba nini injini ikiwa imetulia na ikiwa inavuta. Fundi naye afunge kitambulisho kwenye kila mpira kabla ya kuuchomoa, na mwenye gari adai kuelezwa kazi ya kilango kabla hajalipa kiondolewe.