Balozi Anatazama Muhuri Tu

Barua imetoka Kiwangwa, kule kwenye mananasi, njia ya Bagamoyo kwenda Msata. Mwandishi wake ana steshenari ndogo, na kompyuta yake ya mezani, mtumba uliotoka ofisi fulani, imefiwa na diski ya ndani. Hakutaka gharama. Alichukua diski ya nje, ile ya kuchomeka kwenye USB, akaipeleka kwa jamaa yake mwenye kompyuta ya aina hiyohiyo na kukopi kila kitu: Windows nzima, mafaili yaliyofichwa, hata yale yenye majina yasiyotamkika. Kazi ya usiku kucha. Aliporudi aliingia kwenye mipangilio, akaitanguliza diski ya nje, akawasha. Kioo kikawa cheusi, na kistari cheupe kikawa kinapepesa kwenye kona ya juu kushoto. Nusu saa nzima kinapepesa. "Faili zote zipo," anasema, "nimezihesabu. Mbona haiamki?"

Nimelipenda neno lake. Haiamki. Wengine wangesema "haiwaki", na wangekosea, maana imewaka: feni inazunguka na taa ipo. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa shule anajua tofauti. Taa ya chumbani inaweza kuwaka saa kumi na moja alfajiri na mtoto asiamke.

Mafundi wa mjini wao husema "haibuti", na hapa kuna kichekesho. Waingereza wana msemo wa mtu anayejinyanyua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe, jambo lisilowezekana. Wahandisi wa miaka ya 1950 waliuazima kueleza fumbo lao: kompyuta haiwezi kupakia programu bila kuwa na programu ya kupakia. Nani basi aipakie ile ya kwanza? Kwa hiyo fundi anayesema "inabuti" amerudi kwenye kiatu bila kujua. Hata hivyo silitaki neno hilo, kwani kwetu buti nyingine ni ya gari, na humo hupakiwa viazi. Nilifikiria "uamsho", nikakumbuka kwamba mikutano ya injili imeshalichukua. Nimebaki na "kiamshi", ndugu yake kiamshakinywa, na kwa makala haya kiamshi ni kile kipande kidogo cha programu kinachotangulia vyote.

Ni kidogo kweli. Kwenye kompyuta za ukoo ulioanza na IBM PC ya mwaka 1981, kiamshi hukaa katika sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512. Kati ya hizo, 64 ni ramani ya vyumba vya diski, vyumba vinne visivyozidi, kila kimoja baiti 16. Mbili za mwisho ni muhuri. Zinazobaki kwa maelekezo ni 446. Meseji moja ya simu ina herufi 160, kwa hiyo maelekezo yote ya kuiamsha mashine hayajazi hata meseji tatu.

Muhuri wenyewe ni mzuri kuutazama. Kwa hesabu ya kumi na sita huandikwa 55 AA. Kwa sifuri na moja ni 01010101 halafu 10101010. Moja, sifuri, moja, sifuri, kama ukili wa rangi mbili, na baiti ya pili ni ya kwanza iliyogeuzwa. Hakuna siri ndani yake. Umewekwa ili kusema tu: hapa kuna barua.

Na anayeipokea barua ni nani? Mfikirie balozi wa nyumba kumi. Mgeni anapoingia mtaani huanzia kwake. Balozi wetu huyu anaitwa BIOS, jina alilobuni Mmarekani Gary Kildall mwaka 1975, na makao yake si kwenye diski bali kwenye kijidude kilichobanwa katika mazabodi. Umeme ukiingia huamka yeye kwanza. Anajikagua, anahesabu kumbukumbu, anaiamkia kibodi, kisha anatoka barazani kungoja wageni kwa zamu uliyompangia: labda diski ya nje, halafu ya ndani, halafu CD.

Mgeni akifika, balozi haombi kuona mizigo. Haulizi una faili ngapi. Anachukua karatasi ya juu, anatazama chini kama kuna muhuri. Hakuna? Anayefuata! Upo? Basi anaiweka barua mahali palepale pa siku zote katika kumbukumbu, baiti ya 31,744. Msicheke namba hiyo. Ni kilobaiti 32 ukitoa moja, kwa sababu waliounda mashine ile walitaka barua ikae pembezoni kabisa mwa kumbukumbu ya wakati ule, isije ikakanyagwa. Kumbukumbu imekua mara nyingi mno, lakini kigoda hakijahamishwa.

Akishaiweka barua hapo, balozi hufanya yale yaliyobainika kuwa kiini cha tatizo la Kiwangwa: anaanza kufuata maelekezo yake bila kuyasoma kwanza, na tangu hapo mtaa haumo tena mikononi mwake. Barua ndiyo inayotawala. Mara nyingi nayo, kwa ufinyu wake, haisemi zaidi ya hili: "Tazama kwenye ramani chumba chenye alama, nenda kagonge, utapewa barua ndefu." Na humo chumbani kuna kiamshi cha pili, ambacho ndicho kinachoijua Windows inapolala.

Sasa turudi kwenye kistari kinachopepesa. Kama balozi angekosa muhuri, angesema mwenyewe, kwa maandishi, kwamba hapana kifaa cha kuamkia. Hakusema. Maana yake muhuri aliuona! Diski za dukani huja zimeshagawanywa vyumba, na muhuri huwa umeshagongwa. Lakini mle chumbani hakuna wa kufungua mlango. Barua imegonga, kimya, na balozi ameshajilalia.

Kwa nini hayupo, na faili zote zimekopiwa? Kwa sababu kiamshi si faili. Hakikai ndani ya folda yoyote, hakina jina, hakionekani hata ukionyesha vilivyofichwa. Kukopi ni kuhamisha samani kutoka chumba hadi chumba. Hakuna aliyewahi kuhamisha samani akajikuta amebeba na namba ya kiwanja. Ndugu yetu angeweza kukopi hadi Idi na sekta ile ya kwanza isingeguswa.

Dawa ni programu inayoiandika diski kuanzia sekta ya kwanza. Rufus ni ya bure na inafanya hivyo, nayo hufuta kila kilichomo. Windows iliyozoea kompyuta nyingine ni mgomvi ikihamishwa. Ubuntu, mfumo unaoweza kuchukua nafasi yake, haina kinyongo, na kwa kazi za steshenari inatosha. Chomeka diski nyuma ya kasha, si mbele: tundu la USB 2.0 limeahidi miliampia 500 tu, na diski ya kuzunguka huhitaji zaidi inapoanza. Mipangilio ikijisahau kila umeme ukikatika, betri ya saa imekwisha, ile ya duara yenye maandishi CR2032.

Nimebakiza balozi mpya, UEFI, ambaye jumuiya yake iliundwa mwaka 2005. Huyu anajua kusoma. Hana haja na baiti 512: huingia mwenyewe kwenye chumba cha FAT32, akatafuta folda ya EFI na faili lenye jina BOOTX64.EFI. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 amezoea pia kukagua saini, na asiyetambulika hapiti. Mashine nyingi za miaka iliyofuata zina mabalozi wote wawili chini ya paa moja, na diski iliyoandaliwa kwa mmoja huonekana takataka kwa mwenzake.

Kwa hiyo, ndugu wa Kiwangwa, ukishaiandika diski upya, washa huku ukigongagonga F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP. Itatokea orodha. Ukiona jina la diski yako mara mbili, moja likitanguliwa na neno UEFI, chagua hilo kwanza. Likigoma, jaribu la pili. Likionekana mara moja tu, bila neno hilo, rudi kwenye Rufus, andika upya kwa mtindo wa MBR, ule wa balozi wa zamani.