Bastola Isilale Ndani ya Ngozi

Bastola haifai kulazwa ndani ya ala ya ngozi, na huku Gisenyi, Rwanda, haifai hata usiku mmoja. Nasema hivyo kwa ajili ya walinzi wanaorudi zamu alfajiri wakiwa wamelowa mvua ya Aprili, kisha wanakuta kabati moja la kuwekea kila kitu: silaha, ala na mikanda.

Ngozi hata ikionekana kavu ina maji ndani yake. Nyuzi zake huvuta unyevu wa hewani na kuuachia polepole. Iliyosindikwa kwa magome, yawe ya miwati ya Njombe au ya mikoko ya Rufiji, ina tanini, nayo ni asidi. Iliyosindikwa kwa kromu huweza kubaki na chumvi. Tena ngozi hunywa mafuta ya bunduki. Chuma hunyang'anywa kinga yake, kisha hupewa maji na asidi palepale. Kutu huanzia upande uliofichika, na ngozi nayo huharibika: mafuta huilegeza, na kutu ikikutana na tanini huacha madoa meusi yasiyotoka.

Vita vya chuma na unyevu si vipya huku. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mji huu wa Gisenyi, ukiitwa Kissenji, ulishikwa na askari wa Kijerumani wa Kapteni Max Wintgens hadi Mei 1916. Kombania nyingi za jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki zilianza vita na bunduki za Mauser za 1871, za baruti nyeusi, ambayo masizi yake huvuta unyevu. Mtutu usiposafishwa mapema huliwa na kutu. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyowaletea Wajerumani silaha, iliposhambuliwa na kuzama katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, shehena yake iliopolewa, na risasi zilizolowa ikabidi zifunguliwe na baruti ikaushwe. Ilikuwa kazi ya mikono, na ilichukua muda mrefu.

Gisenyi ina adui wa ziada. Kwa miaka mingi volkano jirani za Nyiragongo na Nyamulagira, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, zimekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gesi ya salfa dioksidi duniani. Mara nyingi upepo huipeleka magharibi, upande wa Masisi, lakini ukigeuka mji huipata. Ikichanganyika na unyevu, gesi hiyo huwa asidi. Mwaka 1843 mwanasayansi Michael Faraday alihusisha moshi wenye salfa wa taa za gesi na kuoza kwa majalada ya ngozi jijini London. Ngozi ya magome ikishambuliwa hivyo hugeuka unga mwekundu, wala haitengenezeki tena. Chuma nacho, unyevu wa hewa yenye salfa ukipita asilimia 60 hivi, hushika kutu kwa kasi.

Chumba kimoja kinatosha, mradi vitu hivi visigusane. Silaha iondolewe risasi, ipanguswe, ipakwe mafuta mepesi na kusimamishwa kwenye rafu yake. Ngozi iliyolowa ikaushwe kivulini penye upepo, kamwe si kando ya jiko, ndipo iingie ghalani, mbali na ukuta na sakafu. Kipima unyevu kisomeke kati ya asilimia 45 na 50: juu ya hapo chuma huanza kuwa hatarini, na chini mno ngozi hukakamaa na kupasuka. Silika jeli, chembe za kuvuta unyevu, husaidia, ila ikishashiba maji haivuti tena mpaka ipashwe moto, kwa hiyo mwenye funguo za ghala aandike tarehe ya kuipasha na aifuate.