Unyevu wa Sakafu: Maradhi Yanayotoka Chini

Wakati wa masika, mama akikunja mkeka asubuhi hukuta upande wa chini umelowa, na mtoto aliyelala juu yake ameamka akikohoa. Wengi wetu hulaumu baridi ya usiku. Mara nyingi kosa ni la sakafu.

Bukoba na Muleba, hasa kandokando ya ziwa, hupata mvua nyingi; mjini Bukoba hufikia kama milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo ulioshiba maji huyapandisha juu, kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Kupaka saruji nyembamba juu ya udongo hakutoshi, kwa sababu saruji nayo hunyonya. Penye unyevu huota ukungu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevu na ukungu huugua zaidi pumu na magonjwa ya njia ya hewa.

Tujipime hivi: tandaza kipande cha nailoni sakafuni, kandamiza kingo zake, uache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa chini, maji yanatoka ardhini.

Kwa anayejenga: Inua msingi ili sakafu iwe juu ya uwanja walau shubiri moja. Ondoa udongo mweusi, panga mawe na kuyashindilia, kisha mwaga mchanga laini. Juu yake tandika nailoni nzito isiyotoboka, vipande vipishane vizuri na kingo zipande ukutani. Ndipo umwage zege. Kati ya msingi na ukuta pia weka nailoni nzito au karatasi ya lami.

Kwa asiye na uwezo huo sasa:
1. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, maji yateremke mbali.
2. Sogeza migomba na matandazo yake mbali na ukuta, hushika unyevu.
3. Nyasi za kutandika ndani zikilowa, zitoe, uweke kavu.
4. Lala kitandani, hata cha miti. Mikeka na magodoro yaanikwe juani.
5. Fungua madirisha mchana.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, tusisingizie sakafu tu. Twende zahanati tukapimwe kifua kikuu.

Nyumba nzuri si bati linalong'aa tu. Tuanze kuitunza kutoka chini, pale watoto wetu wanapoketi, wanapocheza na kulala.