Injini ya STI Ndani ya Impreza: Hesabu Kabla ya Kulipa

Subaru Impreza iliyounguza gasketi imeegeshwa chini ya mwembe huko Ndithini, kaunti ya Machakos. Jirani anaona gari lililokufa. Mwenyewe anaona nafasi aliyoisubiri miaka mingi: kung'oa injini ya EJ20 isiyo na turbo na kufunga EJ207 ya turbo, ya Impreza STI, yenye nguvu za farasi 280. Kenya ina mapenzi ya zamani na gari hili. Mwaka 1994 dereva Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally akiwa ndani ya Impreza.

Injini hizo mbili ni ukoo mmoja, kila moja lita 2, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Bei inayotajwa kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, ni ya chuma tu. Bado kuna kompyuta ya injini, nyaya zake, kipoza hewa inayoingia kwenye injini (intercooler), pampu ya mafuta, bomba la moshi, na hata fremu ya chini, maana ile ya zamani haiachi nafasi ya bomba la turbo.

Kisha gia boksi. Ile ya zamani haikuundwa kubeba nguvu hizo, kwa hiyo nayo hubadilishwa, na gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne halisamehe kosa hapa. Gia boksi yenye uwiano wa 4.111 ikiunganishwa na difu ya nyuma ya 4.444, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana kila mita. Kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kitapata moto mpaka kiharibike. Difu na gia boksi zinunuliwe pamoja.

Mafuta nayo yana neno. Kiwango cha chini cha okteni ya petroli ya kawaida Kenya ni 93. Petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo injini hii iliundiwa, huanzia 96. Programu ya kompyuta ya injini isiporekebishwa, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, silinda zinagonga, pistoni inapasuka. Ikirekebishwa, sehemu ya nguvu zilizonunuliwa inapotea.

Na Ndithini ni eneo la joto. Kipoza hewa cha Impreza ya turbo kimelala juu ya injini. Gari linapopanda polepole barabara ya vumbi saa nane mchana, kifaa hicho hupata joto la injini zaidi kuliko upepo.

Anayelitegemea gari kila siku afunge EJ20 nzima ya aina ileile, na fedha zinazobaki ziende kwenye rejeta na breki. Anayeitaka STI kwa dhati anunue gari zima la STI lililogongwa, ahamishe kila kitu. Kwa vyovyote, logbook huandikwa namba ya injini: mamlaka ya usafiri, NTSA, na kampuni ya bima zijulishwe kabla gari halijarudi barabarani.