Sura ya Saba: Bei Imeshuka, Spea Hazijashuka

Aliyeendesha Carina E miaka kumi hapa Gisenyi ana haki ya kutamani kiti laini. Gari hilo, lililoundwa Burnaston, Uingereza, katika miaka ya 1990, limemdekeza: likigoma, fundi yeyote wa mtaani anafungua boneti, anagonga mahali, anakaza waya, safari inaendelea. Siku moja anaiona Mercedes E-Class ya 2005, viti vya ngozi, mbao kwenye dashibodi, bei si mbali na ya Corolla iliyo changa kidogo. Anadhani muuzaji amekosea hesabu.

Hajakosea. Gari lile lilipokuwa jipya lilikuwa la mkurugenzi fulani huko Ulaya. Umri umeipunguza bei yake, lakini pampu ya breki na kompyuta ya giaboksi zinauzwa bado kama za gari la mkurugenzi. Ndiyo maana mwenye nalo analiuza.

Kwa nini tunaishia kwa Wajerumani? Ni usukani. Ukivuka mpaka wa Petite Barrière ukaingia Goma utakuta magari mengi ya usukani wa kulia, yaliyotoka Japani yakapitia Dar es Salaam au Mombasa, nao huko wanaendesha upande wa kulia wa barabara kama sisi. Rwanda ilikwisha kuyapiga marufuku magari madogo ya namna hiyo. Crown na Mark X wanazojivunia wenzetu wa Dar hazituhusu. Tunabaki na magari ya Ubelgiji na Ujerumani, na Lexus chache za Marekani au za Ghuba. Lexus ES 350 ni gari jema, ila injini yake ni ya lita 3.5, na ushuru wa bidhaa kwetu kwa miaka mingi umefuata ukubwa wa injini: asilimia 5 chini ya sisi 1,500, asilimia 10 hadi 2,500, asilimia 15 zaidi ya hapo. E200 Kompressor, mojawapo ya hizo E-Class, yenye sisi 1,796, inaangukia katikati. Kama gari bado halijalipiwa ushuru, hesabu hiyo ifanywe kabla ya kupendana nalo.

Sasa nenda ukalione. Nenda asubuhi, bila kumtangulizia simu muuzaji saa nzima kabla, na jambo la kwanza weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Injini ya hiyo Kompressor ina mnyororo wa taimingi unaorefuka kwa uzee, na husema ukweli mara moja tu kwa siku: sekunde chache za kukwaruza injini ikiwashwa ikiwa baridi. Ikishapata joto inanyamaza, na muuzaji anatabasamu. Ukifungua swichi, taa zote za onyo ziwake kisha zizime. Ile isiyowaka kabisa inanitia shaka kuliko inayogoma kuzima.

Mfuniko wa bomba la kujazia mafuta ya giaboksi utafungua, lakini kijiti cha kupimia hutakiona. Mercedes za giaboksi la gia tano hazikuwekewa. Mwombe fundi achungulie soketi ya nyaya ubavuni mwa giaboksi. Mafuta yakivuja hapo hupanda kwa ndani ya nyaya mpaka kwenye kompyuta, na hapo kazi ya oringi ndogo ya mpira inageuka kazi ya pesa nyingi. E-Class za umbo hilo zilizoundwa kabla ya katikati ya 2006 zina pia breki za umeme ziitwazo SBC, ambazo pampu yake inahesabu kila unapokanyaga na ina kikomo chake. Zilizofuata zilirudishiwa breki za kawaida. Mimi ningezitafuta hizo.

Majaribio yasifanyike kando ya ziwa, kwenye hoteli. Pale hata mkokoteni unateleza. Toka ufukweni, mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, panda hadi Mukamira, zaidi ya mita 2,000, ukisikiliza kila gia inavyoingia. Mwenye subira amalize hadi Kigali: mlima wa Buranga, kisha mteremko wa Shyorongi. Gari hili ni zito kuliko Carina kwa kilo mia kadhaa, na diski zilizopinda zitatetemesha usukani pale.

Mwisho inua zulia la buti, ubonyeze vidole pembeni, kwenye betri na visanduku vya fyuzi. Raba za taa za nyuma zikichoka, mvua huingia humo kimyakimya. Kama pakavu na umeridhika, lipa. Ila Carina usiiuze bado. Ibaki uani mpaka masika yapite.